Aliyefungiwa Kuuliza Arudi kwa Mlango Upi?

Kuuliza si ujinga. Methali hii tumefundishwa tangu madarasa ya chini, tumeiandika katika insha zetu, na walimu wetu huirudia kila mhadhara unapokwisha na darasa likakaa kimya. Lakini siku hizi sehemu kubwa ya kuuliza imehamia mtandaoni, na huko kuna watu wanaouliza maswali mawili matatu, kisha asubuhi moja wanakuta tangazo kwamba maswali kutoka akaunti yao hayapokelewi tena. Hawakumtukana mtu. Hawakuuza kitu wala kusambaza uongo. Waliuliza vibaya, au waliuliza kwa Kiingereza kibovu, basi wakafungwa mdomo.

Katika makala hii ninadai jambo moja. Jumuiya yoyote ya maswali na majibu inaweza kumzuia mtu kuuliza, lakini ikishamzuia ina wajibu wa kumwonyesha njia ya kurudi. Njia hiyo ionekane, ipitike, na mwisho wake awepo binadamu. Kumfungia mtu bila njia ya namna hiyo ni kumfukuza, hata kama kanuni zinasema mlango haujafungwa kabisa.

Nichukue mfano wa jumuiya inayojulikana zaidi kwa waandishi wa programu za kompyuta, yaani Stack Overflow, iliyoanzishwa mwaka 2008 na Jeff Atwood na Joel Spolsky. Kanuni zake ziko hadharani, kwa hiyo sisemi kwa uvumi. Mtu anauliza, wengine wanajibu, na wasomaji wanapiga kura. Swali likipigiwa kura ya kupanda, mwenye swali anaongezewa alama 10. Likipigiwa kura ya kushuka, anakatwa alama 2. Mwenye alama 15 anaruhusiwa kupandisha, mwenye alama 125 anaruhusiwa kushusha, na mwenye alama 3,000 anaweza kushiriki katika kulifunga swali la mwenzake. Anayeshusha hadaiwi sababu. Nyuma ya kura hizo kuna mashine inayohesabu. Ikiona kwamba maswali ya akaunti fulani yamepokewa vibaya kupita kiasi, inaizuia akaunti hiyo kuuliza.

Aliyezuiwa anaambiwa nini? Anaambiwa kwamba zuio hili halina tarehe ya kwisha. Msimamizi hawezi kumwondolea. Kuyafuta maswali mabaya hakumsaidii, kwani mashine inayakumbuka hata yaliyofutwa. Asifungue akaunti nyingine. Arudi kwenye maswali yake ya zamani, ayaandike upya mpaka yaeleweke, kisha angoje wasomaji wabadili mawazo yao. Mashine ikiona mazuri yamezidi mabaya, itamfungulia yenyewe. Yote hayo yakishindikana, angoje miezi 6 tangu siku ya swali lake la mwisho, atapewa nafasi nyingine. Mazuri yazidi mabaya kwa kiasi gani? Hilo haambiwi. Kipimo ni siri.

Katika kanuni hizo iko moja ninayoisifu kwa moyo wangu wote, nayo ni ile inayosema: rekebisha ulichokiharibu. Fundi cherehani aliyepinda mshono haombwi apige magoti. Anaombwa afumue, ashone upya, na shati likikaa vizuri mambo yamekwisha. Kumrudisha mtu kwa kazi yake ni bora kuliko kumrudisha kwa kuomba radhi, maana radhi haimfai msomaji wa kesho, lakini swali lililoandikwa vizuri litamfaa. Kwa hiyo sipingi njia yenyewe. Ninapinga giza lililotandazwa juu yake.

Kwanza, mtu hawezi kurekebisha kosa asiloonyeshwa. Sisi tukifanya mtihani tunarudishiwa karatasi yenye alama kati ya 20, na mwalimu mwema anapiga mstari mwekundu chini ya sentensi iliyokosewa. Mwanafunzi anaweza kukasirika, lakini anajua pa kuanzia. Muulizaji aliyeshushwa mara nne bila neno hata moja anajua tu kwamba watu wanne hawakupendezwa. Labda ni lugha. Labda swali limekwisha kuulizwa zamani. Labda hakuonyesha alichojaribu. Labda walikuwa wamechoka siku hiyo. Atashona wapi, naye haoni palipopinda?

Pili, hakuna wa kumwendea. Hata hakimu mkali ana sura, na juu yake kuna mahakama ya rufaa. Mashine haina sura, na msimamizi anasema kwa haki kabisa kwamba mkono wake haufiki huko. Hivyo mtu anahukumiwa na umati usiojulikana, hukumu inatolewa na hesabu isiyojulikana, na rufaa yake ni kungoja umati uleule upite tena njia ileile na kuona kwamba ameifagia.

Tatu, na hili ndilo linalotugusa sisi, lugha inageuzwa kuwa kosa. Stack Overflow inataka Kiingereza. Ina matawi ya Kireno, Kihispania, Kirusi na Kijapani. La Kiswahili halipo. Sasa nitoe mfano ninaoujua kwa karibu, ambao ulitokea katika jumuiya nyingine ndogo. Sitaitaja, kwa kuwa ninajadili kanuni na sina ugomvi na wenyewe.

Nina mwenzangu tunayesoma naye Kiswahili hapa Bujumbura. Nyumbani kwao wanasema Kirundi. Kiswahili alikipata mitaani Buyenzi kabla hajakikuta darasani. Sekondari alisoma kwa Kifaransa, na Kiingereza ni lugha yake ya nne. Alijifundisha mwenyewe kuandika programu kwa sababu sisi kundi letu tulitaka orodha ya maneno ya Kiswahili na Kirundi itakayofanya kazi kwenye simu bila intaneti. Kazi ilikwenda vizuri mpaka programu ilipofika kwenye neno ng'ombe. Hapo ikafa. Akaliruka, ikafa kwenye ng'ambo. Ikafa tena kwenye ng'oa. Akaenda kuuliza, na kichwa cha swali lake, kwa Kiingereza alichokuwa nacho, kilikuwa na maana kwamba ng'ombe anaua programu yangu.

Mnaweza kukisia yaliyofuata. Mmoja alifanya mzaha wa zizi, wengine wakashusha, swali likafungwa. La pili likafuata njia hiyohiyo, na la tatu, kisha akaambiwa maswali yake hayapokelewi tena.

Mwanafunzi wa Kiswahili anayesoma hapa pengine amekwisha kumjua mkosaji: ni ritifaa. Katika lugha inayotumika kuiagiza hifadhidata, alama hiyohiyo ndiyo inayofungua na kufunga maandishi. Mashine ilipokutana nayo katika ng'ombe ilidhani maandishi yamekwisha, na herufi nne zilizobaki ikazichukua kama amri isiyoijua. Dawa yake ni ya kale: neno lisibandikwe ndani ya amri, lipitishwe kando kama thamani. Watu wenye majina ya Kiirishi kama O'Brien wamekuwa wakiziangusha programu namna hiyo kwa miaka mingi, na majibu yake yamejaa mtandaoni. Anayejua kwamba shida ni ritifaa atayapata kwa dakika moja. Mwenzangu hakujua habari ya ritifaa, alimjua ng'ombe. Nani awezaye kutafuta kitu asichokijua jina? Ndiyo sababu watu huuliza.

Alikaa kimya wiki kadhaa, na orodha yetu ikalala naye. Aliyemtoa hapo ni mtu mmoja asiyemjua, aliyeandika chini ya swali lake la kwanza sentensi mbili tu: ondoa kila kitu isipokuwa mstari unaokufa, kisha tuonyeshe maneno yanayopita na yasiyopita. Tuliketi watatu katika chumba cha kompyuta tukafanya hivyo. Tukaandika: kitabu linapita, ngoma linapita, ng'ombe halipiti. Maneno hayo matatu yalipokaa pamoja, ngoma na ng'ombe zikiwa bega kwa bega, jibu tuliliona kabla hatujatuma chochote. Hata hivyo tulituma, kwa ajili ya atakayekuja nyuma yetu. Swali lilifunguliwa, baadhi ya kura zikageuka, tukaandika upya na yale mawili mengine, na baada ya muda akaunti ikakubaliwa tena.

Sasa nawauliza wanaosifu kufungia: ni kipi kilichomfundisha? Kura za kushuka hazikumfundisha. Tangazo la zuio halikumfundisha. Zile wiki za kimya zilimfundisha kunyamaza tu. Kilichomfundisha ni sentensi mbili za mtu aliyekubali kuzungumza naye. Kama sentensi hizo zingeandikwa siku ya kwanza, zuio lisingehitajika kamwe.

Najua majibu ya upande wa pili, na sitayapita kando. Wanasema wajibuji wanajitolea, hawalipwi, na kila siku wanamwagiwa maswali ya watu wanaotaka kufanyiwa kazi za nyumbani. Ni kweli. Ghala la maswali mazuri linawafaa mamilioni ya wasomaji, na likijazwa takataka halitamfaa yeyote. Hilo pia ni kweli. Lakini hoja hiyo inathibitisha tu kwamba lango linahitajika. Haithibitishi kwamba lango linapaswa kuwa bubu. Kanuni za Stack Overflow zenyewe zinamruhusu msomaji kupendekeza marekebisho katika swali la mwingine. Anayejua Kiingereza vizuri angeweza kuinyoosha sentensi iliyopinda kwa muda mfupi. Kushusha kunachukua muda mfupi zaidi. Tukisema watu wamechoka, tuseme pia kwamba wamechagua kulitupa tatizo badala ya kulimaliza, maana swali bovu lililoshushwa bila maelezo hurudi kesho likiwa bovu vilevile.

Wanasema tena kwamba kipimo kikitangazwa, wajanja watakichezea. Hoja hii ina uzito kidogo, lakini tuipime. Wajanja wanacheza tayari: wanafungua akaunti mpya na kupigiana kura wao kwa wao. Anayeumizwa na usiri ni mwaminifu anayetaka kujua amebakiza hatua ngapi. Huhitaji kumpa kanuni nzima ya hesabu. Mwambie tu kwamba kati ya maswali yake manne, hili na hili ndiyo yanayomwangusha, na kwamba moja likifunguliwa atapewa nafasi. Mjanja atanufaika vipi na habari hiyo, isipokuwa kwa kuliandika swali vizuri?

Na wako wanaosema hii si haki bali ni ruhusa. Nyumba ni yao, wamwalike wamtakaye. Nyumba ni yao, ndiyo, lakini vilivyomo vimeletwa na wageni. Maandishi ya Stack Overflow yametolewa na watumiaji bure, chini ya leseni ya Creative Commons. Mtu akifungiwa, maneno yake yanabaki rafuni yakisomwa, ila mwenyewe ndiye asiyeruhusiwa kuongeza neno. Anayekubali kupokea kazi ya watu kwa mikono miwili asijidai mwenye nyumba tu pale wanapoomba maelezo. Wenyewe waliwahi kuliona hilo: mwaka 2018 kampuni iliandika hadharani kwamba jumuiya yao haikaribishi watu inavyopasa, hasa wanaoanza, wanawake na walio katika makundi ya pembezoni.

Kwamba njia nyingine inawezekana, tazameni Wikipedia. Kanuni za Wikipedia ya Kiingereza zinasema kufungia ni kinga, wala si adhabu. Aliyefungiwa kwa kawaida hubakiziwa ukurasa wake wa majadiliano. Hapo anaandika kwa nini afunguliwe, na msimamizi mwingine, ambaye si yule aliyemfungia, anaisoma hoja yake na kujibu kwa maneno. Hata waliofungiwa kwa makosa mazito wana desturi ya kupewa nafasi baada ya miezi 6, iwapo hawakurudi kwa majina ya bandia na wameeleza jinsi watakavyobadilika. Ile miezi 6 ni ileile. Tofauti ni kwamba huku kuna mtu wa kusema naye. Sisemi Wikipedia haina dhambi: wachangiaji wengi wa Afrika wamelalamika kuzuiwa bila kosa kwa sababu mitandao ya simu huwapitisha watu wengi katika anwani moja ya intaneti, na anwani hiyo ikifungiwa, wote wanaingia shimoni. Lakini kanuni ya kwamba mtu asikilizwe na mtu ipo, na wanaozuiwa wanaweza kuidai.

Hapa nigeuke upande wetu, kwani nasi tuna la kuambiwa. Wenzangu wengi wakisikia habari za kufungiwa wana ushauri mmoja: fungua akaunti nyingine. Naupinga ushauri huo kwa nguvu ileile. Kwanza, ni kukimbia kazi yako mwenyewe, maana yule aliyeuliza vibaya jana ataendelea kuuliza vibaya leo kwa jina jipya. Pili, katika chumba cha kompyuta chenye njia moja ya intaneti, ujanja wa mmoja unaweza kuwafungia wengine ambao hawajaandika hata neno. Wengine wanasema huu ni ukoloni tu, kisha wanaondoka. Huenda neno hilo lina ukweli ndani yake, lakini halikuondolei ritifaa kwenye programu. Anayetaka kurudi afanye kazi ya kurudi: apunguze tatizo mpaka mfano mdogo kabisa unaoweza kurudiwa na mtu mwingine, aseme alitarajia nini, alipata nini, na alijaribu nini kabla ya kuuliza. Hayo yanawezekana kwa Kiingereza kifupi sana. Ngoma linapita, ng'ombe halipiti: hapo sarufi ngumu iko wapi?

Kuna njia ya tatu ambayo wengi wetu wameishika bila kelele: kuiuliza akili bandia. Tangu ChatGPT ilipotokea mwishoni mwa 2022, maswali mapya katika Stack Overflow yamepungua sana, na si ajabu. Chombo hicho hakimcheki muulizaji wala hakimfungii kwa Kiingereza kibaya. Siwalaumu wanaokitumia. Lakini swali lililoulizwa huko linaishia kwenye simu ya mtu mmoja. Mwanafunzi wa Goma au Kigali atakayekutana na ng'ombe wake mwaka kesho hatalikuta popote. Na mashine zenyewe zimefunzwa kwa maandishi ambayo watu waliandikiana hadharani. Kila mtu wetu anayefungiwa na kunyamaza anaacha pengo katika ghala hilo, na mapengo yakiwa mengi, kitakachojifunzwa kutoka humo hakitatujua. Hasara ya kumnyima mtu kuuliza haimwangukii peke yake.

Walimu wetu nao waniwie radhi, kwani zuio lisilo na tangazo liko hata katika kumbi za mihadhara. Mwanafunzi anauliza swali lililopinda, darasa linacheka, mhadhiri anatabasamu na kuendelea. Hakuna aliyemwandikia barua, lakini tazameni kama atanyoosha mkono tena muhula huo. Yeye naye amefungiwa, na hakuna miezi 6 inayomngoja. Njia ya kumrudisha ni ileile ninayoidai mtandaoni: mtu mmoja alichukue swali lake lililopinda, alinyooshe mbele yake, amrudishie aulize tena.

Basi madai yangu ni manne. Anayefunga swali au kulishusha aandike sababu, hata kwa sentensi moja. Aliyezuiwa aonyeshwe ni maswali gani yanayomzuia na amebakiza nini ili afunguliwe. Rufaa yake isomwe na binadamu ambaye hakushiriki kumzuia. Na lugha mbovu isihesabiwe kosa maadamu tatizo linaeleweka. Irekebishwe, maana kurekebisha lugha ni rahisi kuliko kumpata tena mtu aliyeondoka.

Kwetu sisi wanafunzi wa Kiswahili liko na dai la tano. Tangu mwaka 2021 UNESCO ilipoitangaza tarehe 7 Julai kuwa siku ya Kiswahili duniani, kila mwaka tunavaa vizuri, tunahutubia, tunapiga picha. Siku ya tarehe 8 ukitaka kuuliza kwa Kiswahili kwa nini programu inakufa kwenye ng'ombe, utauliza wapi? Hakuna atakayetujengea tawi la Kiswahili kama hatuna maswali na majibu ya kuweka ndani yake. Tuanze na yale tuliyokwisha kuyatatua, tuyaandike wazi, kwa Kiswahili, kila tatizo na mfano wake mdogo. Na siku jumuiya yetu itakapokuwa na wasimamizi wake, akaja mtoto wa Buyenzi au wa Uvira na swali lililopinda, tukumbuke kwamba kushusha ni rahisi, halafu tumwandikie zile sentensi mbili.